Mgeni Bila Risiti

Vijana wangu wa Rumonge, nina neno nanyi kuhusu wageni. Nawasemesha ninyi mnaoegesha pikipiki karibu na soko, ninyi wa boti kule mwaloni, na ninyi mliosoma, ambao mgeni akishuka garini huwa wa kwanza kumkaribisha kwa lugha yake. Kazi mnayoitafuta ni halali na ina heshima. Sitaki hata mmoja wenu aiache. Lakini kuna mtindo umeanza kuzoeleka, nao unanitia hofu. Mgeni anataka kuuona msitu wa Kigwena, au kupanda kwenye miombo iliyo juu yetu, na kijana anamwambia asihangaike na ofisi, njia anaijua yeye. Wanaingia kwa nyuma, kupitia mashamba ya michikichi, wanatembea, wanapiga picha, wanatoka kulekule walikoingilia. Kijana anatia noti mfukoni. Mlinzi wa msitu hana habari kwamba kuna mtu alipita.

Mnaniambia hakuna aliyedhulumiwa hapo. Yupo, na nitawaambia ni nani.

Kwanza mjue mnaishi wapi, kwa maana wengi mmezaliwa kando ya hifadhi na hamjui jina lake la kiserikali. Ukiifuata barabara ya RN3 kutoka hapa kwenda Nyanza-Lac, unaupita Kigwena. Ni kipande cha msitu wa nchi ya chini, karibu na Ziwa Tanganyika, kilichosalia baada ya misitu mingine ya namna hiyo pwani hii kufyekwa kwa ajili ya mashamba na michikichi. Juu yetu kuna hifadhi ya Rumonge na ile ya Vyanda, miombo ya aina ileile inayotanda Tanzania na Zambia, na kwetu hapa ndipo inapokaribia mwisho wake wa kaskazini. Ukizidi kupanda unafika Bururi, msitu wa mlimani, wenye baridi na ukungu. Katika milima hii bado wamo sokwe wa mwituni. Wachache, lakini wamo.

Maeneo haya yote yana mwenyewe kwa sheria. Mwaka 1980 serikali ilianzisha taasisi ya mazingira na hifadhi iliyokuja kujulikana kwa herufi zake, INECN, na mwaka 2014 kazi zake zikaenda kwa OBPE, Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira. Sheria ya mwaka 2011 ndiyo inayosema eneo la hifadhi linaundwaje na nini kinaruhusiwa ndani yake. Kwa hiyo mtu akikuuliza kibali kinatoka wapi, usimjibu kwa kubahatisha. Kinatoka OBPE. Ukiwa na mgeni, nenda naye kwenye ofisi yao au kwa walinzi wao walio pale msituni, ulizeni kiingilio cha siku hiyo ni kiasi gani kwa Mrundi na kiasi gani kwa mgeni, lipeni, mpewe karatasi, na aingie na mwongozaji au mlinzi. Bei mimi siitaji hapa kwa sababu bei hupangwa upya, na kijana anayetaja bei ya mwaka juzi humfanya mgeni adhani anaibiwa.

Sasa niwaeleze habari ya daftari. Pale penye mlinzi kuna daftari la wageni. Mara nyingi ni daftari la shule tu, jalada limelainika kwa unyevu, kalamu imefungwa kwa kamba isipotee. Mistari imechorwa kwa mkono: tarehe, jina, nchi anakotoka, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Kijana huliona daftari lile kama usumbufu. Mimi naliona kama kitu chenye nguvu kuliko bunduki ya mlinzi.

Nchi yetu ina kilomita za mraba 27,834 tu, na watu wake wamepita milioni 12. Wengi wanakula walichokilima wenyewe. Kila mwaka kijana anaoa, anataka shamba, na shamba la baba limekwisha kugawanywa hata mipaka yake haionekani. Katika nchi ya namna hii, msitu unaosimama bila kulimwa unaulizwa swali kila siku: unatufaa nini? Anauliza mwenye njaa, anauliza mchoma makaa, anauliza kiongozi anayetaka kuwapa watu ardhi. Wataalamu watajibu kwamba msitu unashikilia udongo usiteremke ziwani, unalinda chemchemi, unaleta mvua. Majibu hayo ni ya kweli. Lakini kikaoni mtu hufungua karatasi na kuuliza: wageni wangapi walifika, wameacha kiasi gani? Ikiwa ninyi mmewapitisha wageni wote kwa nyuma, daftari lina kurasa tupu. Na kurasa tupu zinasoma hivi: hakuna anayeutaka msitu huu. Mgeni wenu alifika kwa macho yake, lakini kwa hesabu ya nchi hakufika. Basi aliyedhulumiwa ni msitu, maana mmemfukuza shahidi wake. Na ninyi pia mmejidhulumu, kwa kuwa siku msitu ukikatwa, mgeni hatawatafuta tena.

Hilo ndilo neno langu kubwa. Mengine yote yanatoka humo.

Mtu atasema sheria za hifadhi zimetungwa kwa ajili ya wazungu. Tazameni ng'ambo yetu, kusini kidogo ya mpaka, kabla ya kufika Kigoma. Pale pana Gombe. Ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1943, Jane Goodall akafika tarehe 14 Julai 1960 kuwatazama sokwe, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Ni ndogo kwa eneo, na haina barabara ya gari ya kuingilia. Unafika kwa boti, kama sisi tunavyokwenda kwa jamaa zetu. Dunia nzima imejifunza habari za sokwe kutoka kilima kile kinachofanana na vilima vyetu, kwenye maji haya haya.

Na masharti yao magumu hayakutungwa mezani. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliingia kwa sokwe wa Gombe. Wengine walikufa, wengine wakapooza mikono na miguu wakawa wanajiburuta. Watafiti walilazimika kuficha chanjo ndani ya ndizi ili sokwe waile. Mwaka 1968 ukaja ugonjwa wa mapafu, ukachukua wengine. Sokwe anashikwa na mafua yetu, kikohozi chetu, surua yetu, na yeye hana zahanati. Ndiyo maana leo mgeni anaambiwa akae mita 10 kutoka kwa mnyama, avae barakoa, asile mbele yake, asiteme mate, na akiwa na mafua asiende kabisa hata kama amekwisha kulipa. Ndiyo maana anapewa saa moja tu kukaa nao. Kijana anayempitisha mgeni anayekohoa kwenye milima ya Vyanda kwa njia ya panya anaweza kumaliza kundi ambalo makaa na mitego havikuweza kulimaliza.

Nanyi hamjui, kwa kuwa mlikuwa hamjazaliwa, kwamba sokwe wa Bujumbura walipata kuhama nchi. Miaka ile watoto wa sokwe walikuwa wakiuzwa, mama zao wameuawa porini, wengine wakitoka Congo wakipitia kwetu. Taasisi ya Jane Goodall ilikuwa na kituo Bujumbura cha kuwatunza hao yatima. Vita vilipozuka mwaka 1993, kituo hakikuwa salama tena, na sokwe wakapelekwa Kenya, kwenye hifadhi ya Sweetwaters iliyo ndani ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Kenya haikuwa na sokwe wa asili hata mmoja. Kituo cha Sweetwaters kilifunguliwa kwa ajili ya hao waliotoka kwetu. Wengine walifuata miaka iliyofuata. Leo mgeni hulipa kiingilio Kenya, hupata risiti Kenya, hulala hoteli ya Kenya, na sehemu ya safari yake ni kuwaona sokwe waliotoka Burundi na wale walioongezeka baadaye. Sisemi hivi kuwaonea wivu Wakenya. Walitusaidia siku mbaya, na Mungu awalipe. Nasema ili mjue kwamba mali tunayoikalia hapa ikikosa ulinzi huondoka, na wengine wakaitunza kwa faida yao.

Wapo kati yenu wanaotaka kuwavusha wageni hadi Gombe. Ni wazo zuri, lakini msilifanye kama mnavyovusha magunia. Mpaka ni mpaka. Mgeni awe na pasipoti na viza inayomruhusu kuingia Tanzania, na ajue kama viza yake ya Burundi itamrudisha au itakuwa imekwisha akishatoka. Apite uhamiaji huku na apite uhamiaji kule, hati zigongwe mihuri. Awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana wataiuliza. Na wewe mwenyewe usitegemee karangamuntu. Chukua pasipoti au lesepase yako. Hifadhi za Tanzania hazipokei noti mkononi getini. Malipo hupita benki, kwa kadi au kwa namba wanayokupa ya malipo, basi mpange mapema. Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24. Mgeni wa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ametozwa kwa miaka mingi dola 100 kwa siku pale Gombe, bila kuhesabu mwongozaji wala malazi. Lakini ninyi, tangu Burundi ilipoingia Jumuiya hiyo tarehe 1 Julai 2007, mnatozwa kama wana Jumuiya, kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na hicho. Haki hiyo inatoka kwenye hati yako. Ukiwa huna hati, huna haki, hata kama mama yako alizaliwa Kagunga, ng'ambo ya mpaka.

Ningependa mwende wenyewe kwanza kabla ya kumpeleka mgeni. Mtu hawezi kuongoza mahali ambapo hajapata kuongozwa.

Nirudi kwetu, kwa mambo madogo ambayo mgeni hayajui na wewe ndiwe wa kumwambia kabla hajakosea. Ndege isiyo na rubani hairushwi bila ruhusa ya serikali, ikae begini. Bandari, daraja, kizuizi cha barabarani na kambi havipigwi picha. Mtu hapigwi picha bila kuombwa, wala mama anayeanika ndagala, wala mtoto asiye na nguo. Ganda la kobe, ngozi, pembe, kasuku aliye hai, asinunue hata kama ameonyeshwa na mtu mwenye heshima zake. Kuni msituni hazikatwi kwa ajili ya moto wa mgeni. Ufukweni, sheria ya maji ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika zisijengwe wala kulimwa; tumeona miaka ya karibuni ziwa lilivyopanda likaingia nyumba za watu, na nyumba nyingi zilizoingiwa zilikuwa ndani ya mita hizo. Kwa hiyo usimshauri mgeni mwenye fedha ajenge kibanda cha starehe penye maji.

Na kuhusu maji yenyewe: usimruhusu aoge popote apendapo. Kuna viboko, na mamba wapo. Atakuuliza habari za Gustave, yule mamba wa upande wa Rusizi aliyetangazwa dunia nzima, hata filamu zikatengenezwa. Nawaomba jambo moja hapa. Msilifanye jina lile kuwa kitu cha kuuza. Waliokufa walikuwa wavuvi na watu waliokwenda kuoga na kuchota maji, watu wa pwani hii, na wengine wana watoto wanaotembea mjini. Mweleze mgeni kwamba mamba anaua, mweleze akae mbali na ukingo wenye matete, basi.

Uvuvi nao una masharti, na mgeni anayetaka kwenda na wavuvi usiku ayajue. Nchi 4 zinazolizunguka ziwa zilitia sahihi mkataba mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazae. Sisi tunaovua kwa taa tunajua tangu zamani kwamba mwezi ukiwa mpevu ndagala hawaji kwenye mwanga, mitumbwi hulala. Ziwa limezoea kupumzishwa. Siku linapofungwa, usimpeleke mgeni kwa siri kumwonyesha jinsi mukeke anavyovuliwa. Utamfanya mshirika wa kosa, na mvuvi mwenzako atanyang'anywa nyavu kwa ajili ya picha.

Najua linalowachoma. Mnaona mama mzee anakamatwa na mzigo wa kuni, halafu mgeni anapita na kamera anachekewa. Jirani anafukuzwa shambani kwa kuwa jiwe la mpaka liko pale, na hakuna aliyemweleza. Huko Ruvubu, hifadhi ilipotengwa mwaka 1980, watu waliondolewa kwenye ardhi zao, na Wabatwa wa Kibira walikuwa na msitu kabla ya msitu kuwa na ofisi. Maumivu hayo ni ya kweli, na mzee anayewaambia mtii sheria bila kuyataja anawadharau. Nami nawaambia hivi: dhuluma hiyo haiponi kwa njia ya nyuma. Yule mama mwenye kuni hapati hata faranga moja katika noti unayotia mfukoni. Wewe umemruka, kama hifadhi ilivyomruka.

Dawa iko kwa jirani zetu. Uganda, sheria yao inasema asilimia 20 ya viingilio vya getini irudi kwa wilaya zinazopakana na hifadhi. Rwanda ilianza kutoa asilimia 5 ya mapato ya utalii kwa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na mwaka 2017, ilipopandisha kibali cha kuwaona gorila wa milimani hadi dola 1,500, ikaifanya asilimia 10. Uganda kibali hicho ni dola 800 tangu Julai 2024. Watu wanalipa. Wanakubali kwenda 8 tu kwa kundi moja la wanyama kwa siku, wanakubali saa moja, wanakubali kuacha nyumbani mtoto wa chini ya miaka 15, na bado foleni ipo. Kwa fedha hizo zimejengwa shule, zahanati na matangi ya maji. Sisi hatuna gorila wa milimani, na sisemi Kigwena itaingiza fedha za Bwindi ya Uganda. Lakini hata fungu dogo mtu hulidai pale tu linapoandikwa. Utakwendaje komini kudai asilimia ya viingilio ambavyo wewe mwenyewe ulivikwepesha?

Mlinzi naye msimtie majaribuni. Analipwa kidogo, analala porini, anakutana na wachoma makaa wenye mapanga. Ukimpa noti ili afumbe macho kwa mgeni, kesho wa makaa atampa zaidi, na macho yatakuwa yamekwisha kuzoea kufumba. Mpe salamu, mpe maji, mpe jina kamili la mgeni na saa mtakayorudi. Mkichelewa, yeye ndiye atakayekuja kuwatafuta. Akikudai fedha bila risiti, usigombane naye msituni. Rudi, andika siku na saa, peleka ofisini ukiwa na mwenzako.

Hayo ya kupeleka ofisini hayafanywi na mtu mmoja mmoja. Fanyeni ushirika, wa pikipiki, wa boti na wa waongozaji kwa pamoja, uandikishwe. Muwaite watu wa OBPE waje wawafundishe majina ya miti na ndege, mipaka inakopita, na jinsi ya kukaa na mnyama. Ombeni vitambulisho. Ombeni bei za viingilio zibandikwe mahali mgeni atakapoziona kabla hajawauliza ninyi. Na ombeni kwa maandishi kwamba sehemu ya mapato ya Kigwena, Rumonge na Vyanda irudi kwa watu wa milima inayopakana nayo, kwanza kwa kina mama wanaokosa kuni. Barua hiyo iandikeni mwezi huu. Mkishaiandika, nileteeni nyumbani. Wazee wa mjini tutatia sahihi zetu chini ya zenu.